Tazameni Kwanza Nyuma ya Nyumba

Sikilizeni, wanangu. Lusungu, zima hiyo simu, kama kuna mtu ana shida atasubiri, hata mie nina shida yangu. Felicitas, sogea huku, usikae pale mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba maji, kaa hapa kitandani upande wa mguu mzima. Na wewe Bi Najat usiondoke, jirani yangu, nimekuita makusudi, nataka awepo mtu wa kushuhudia ambaye si wa damu yangu wala si wa kanisa langu, ili kesho asije mtu akasema Yustina alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Homa ipo, na pumzi ndiyo hiyo mnayoisikia, lakini akili zangu ninazo zote.

Begi nimeliona. Umeliweka nyuma ya kochi ukalifunika kwa khanga, Felicitas, ukadhani mama yako akilala haoni. Mie nimeshona sare za shule maisha yangu yote, najua khanga iliyotupwa tu na khanga iliyofunika kitu. Jumamosi unaondoka na wanao, Benjamin na dada yake, mnafuatana na wale watu wa yule mtumishi anayehubiri hemani kwenda huko porini kwenye kambi, mkamngojee Bwana. Watoto umeshawatoa shule. Friji umeuza. Mumeo Daniel yuko Tunduma na malori yake, hajui lolote, simu mara inapatikana mara haipatikani. Basi wosia wangu ni huo mmoja, mengine yote nitakayosema ni ya pembeni: usiende. Nalisema mapema kabla pumzi haijaniishia, maana nawajua wazee, huanza na habari za mashamba na mipaka, wakafa kabla hawajafika kwenye neno lenyewe.

Lakini utaratibu ni utaratibu, na haya ya pembeni nayo yasikilizeni. Nyumba hii isiuzwe. Baba yenu Gaspar alinunua kiwanja hiki na mshahara wa ualimu wakati Boko yote ni mikorosho na nyoka, na wenzake shuleni wakamuuliza amepewa adhabu gani hata ahamie huku. Chumba cha mbele na cherehani ni vya Felicitas. Vyumba vya uani na lile banda ni vya Lusungu, na hicho kiukuta cha katikati ambacho Lusungu umekuwa ukikipima kwa macho tangu nilipougua, usikijenge. Mkitaka kugombana mgombane mkionana. Shamba la Tukuyu abaki nalo baba yenu mdogo. Nilimkasirikia tangu msiba wa Gaspar, aliposema mbele ya waombolezaji kwamba tumemtupa kaka yake kwenye mchanga wa pwani, na hasira hiyo nimeibeba mpaka imenichosha mabega. Mwambieni nimeiweka chini. Ila msinisafirishe. Atapiga simu, atalia, atasema mila, nyie mwambieni mama alikataa kwa kinywa chake na Bi Najat alisikia. Mnizike pembeni ya Gaspar, hapa hapa, ili siku ya parapanda niamke nimwone yeye kwanza, nimuulize kile kikofia chake cha sufi alikiweka wapi, maana nimekitafuta tangu alipofariki.

Usicheke, Felicitas. Au cheka, ni muda sijakuona ukicheka.

Sasa msije mkasema mama alikuwa na imani nusu. Mie namngojea Bwana tangu nikiwa msichana wa kwaya kule Tukuyu, na sijaacha. Naamini atakuja, naamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatoka, au zaidi, maana la jua nimelizoea. Tulipohamia hapa, kila walipolipua mawe kule machimboni na vioo vikatikisika, nilikuwaga nasimama na kitambaa mkononi, nasikiliza kama kuna sauti nyingine itafuata. Gaspar alinitania, akaniambia Yustina, Bwana hatakuja kwa ajili ya kokoto. Alitania, lakini na yeye alitega sikio kila mara, nilimwona. Mpaka leo lori likipiga honi barabara ya Bagamoyo moyo wangu unaruka. Hata sasa nimelala hapa naogopa. Naogopa kufa, naogopa kutokufa nikaendelea kuwachosha, na kubwa kuliko yote naogopa nitasimama mbele zake aniulize, Yustina, wajukuu wako wako wapi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si mguu.

Nataka niiseme ile siku. Kila mtu ameisema kwa namna yake, Lusungu umeisema kwa kicheko, yule mtumishi wa hemani ameisema kwa kipaza sauti, na mie niliyekuwa chini kwenye tope hakuna aliyeniuliza.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa kibarazani nashona, maharage yako jikoni, redio nimeiwasha kwa huyo huyo mtumishi wenu, nikimsikiliza ili nijue binti yangu analishwa nini. Nikakumbuka maji. Nikaacha miwani juu ya cherehani, sindano imo ndani ya kitambaa, khanga yangu ya mabegani nikaitupa kwenye mkeka, na kandambili nikaziacha mlangoni, kwa sababu huko nyuma kuna tope na mie sipendi kuchafua kandambili. Nikaenda peku. Chini ya simtanki la maji pana ule utelezi wa kijani ambao Lusungu uliahidi kuusugua tangu Pasaka. Nikateleza, nikaanguka katikati ya simtanki na ukuta, pale ambapo hata kuku hupita kwa ubavu, nikasikia kitu kinakatika kwenye nyonga, na pumzi ikanitoka yote.

Felicitas ukaingia. Nilisikia geti. Nilikusikia ukisema shikamoo mama, kama kawaida yako kusalimia kabla hujaniona. Nikaitikia marahaba, lakini marahaba yangu haikufika hata kwa kuku. Ukaita tena. Ukaingia chumbani, ukatoka, ukaenda jikoni. Ukaona maharage yanachemka, miwani ipo, khanga ipo, kandambili zipo, mwenyewe hayupo, na redioni mtu anahubiri habari hiyo hiyo, kwamba wawili watakuwa pamoja na mmoja ataondolewa. Nilizisikia hatua zako zikibadilika. Ukakimbia ng'ambo kwa mama Elibariki, mwenzetu wa kanisani, ukakuta mlango umerudishiwa tu, nguo nusu zimeanikwa nusu zimo kwenye beseni. Kumbe wenyewe wamekimbilia sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa ndugu yao anayeolewa, gari lilikuwa limeshawapigia honi. Ungejuaje? Ndipo ukamwona Bi Najat amekaa mlangoni kwake na ungo wa mchele. Ukamuuliza kama ameniona, akakwambia, "Yumo ndani, si nimesikia cherehani yake sasa hivi?" Mtu mwingine hapo angepoa moyo. Wewe, mwanangu, ukamtazama mama wa watu na ungo wake, ukajumlisha: Yustina hayupo, mama Elibariki hayupo, Bi Najat yupo. Ukaona jibu limepatikana: Bwana ameshawanyakua walio wake, na wewe umeachwa.

Samahani, Bi Najat. Najua unajua, lakini halijawahi kusemwa mbele yako, na huyu binti tangu siku ile hajakutazama usoni kwa aibu. Wewe uliyeniletea uji kupitia kile kiupenyo cha uani kati ya nyumba zetu mwezi mzima wa mfungo wenu, wewe mwenyewe hujaonja kitu tangu alfajiri, ndiwe aliyekufanya alama ya walioachwa. Akitoka hapa atakuomba radhi. Ukitaka mkatalie kidogo kwanza, ajifunze, halafu umkubalie.

Mkarudi kwenye uwanja wangu wewe na hofu yako, Felicitas, ukafunga geti kwa komeo, ukapiga magoti pale mbele. Na mie niko nyuma, ukuta mmoja tu kati yetu, nasikia yote. Nilisikia ukisema, "Bwana, kama umenisahau mie, basi Benjamin na dada yake wachukue, wasibaki na mimi." Nimesikia maombi mengi, nimekaa na wazee wa kanisa wanaoomba mpaka chai inapoa, sijasikia ombi kama lile. Nikataka kukwambia, binti yangu, mtu anayeomba hivyo hawezi kuwa amesahauliwa. Nikafungua kinywa. Hamna sauti. Nikaokota kopo nikagonga simtanki, mkono hauna nguvu, na huyo mtumishi redioni anapaza sauti juu yangu, anauliza, mko tayari, mko tayari. Nililia pale, sikulia kwa ajili ya nyonga. Nililia kwa sababu ulikuwa unamtafuta mama yako mawinguni, na mama yako yuko kwenye tope anakuita.

Bi Najat akaona uso wako haukuwa uso wa salama, akaacha mchele wake ukaliwa na kuku, akaja. Akakuta geti limefungwa, akagonga, hukusikia. Kwa hiyo akapita kwenye kile kiupenyo cha uani, na kwa kuwa alipitia nyuma, ndiyo maana akanikuta. Hakuna kingine. Hakuwa na ufunuo, alizunguka tu. Akaita kwa jina lako la utotoni, "Felista, mama yako huyu hapa." Ukaja unakimbia, ukanikumbatia na tope langu, na neno la kwanza kukutoka likawa, "Mama, kumbe na wewe umeachwa."

Lusungu, hapo ndipo ulipocheka. Siyo siku ile, siku ile ulikuwa kazini Mbweni unapaka watu rangi nyumba zao. Ulicheka baadaye, ukalipeleka neno hilo kwenye grupu la ukoo, ukalisema tena kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yenu, watu wakashika mbavu, na mpaka leo ukimpigia simu dada yako unamwambia habari za walioachwa. Unaona ni utani. Ulikuwa unamsukuma, baba. Kila aliyecheka alimsukuma hatua moja kuelekea hemani, maana kule hawakumcheka. Kule walimpa kiti cha mbele. Huyo mtumishi akamsimamisha mbele ya watu atoe ushuhuda, akamwambia ile ilikuwa kengele ya kwanza, ya pili itakuwa ya kweli, na asiyeacha vyote atabaki. Wewe kaka yake ulimpa aibu, yeye akampa kazi ya kufanya na hiyo aibu. Muombe radhi kabla hujatoka chumba hiki, na ukiwa na grupu lenu hilo, muombe radhi humo humo ulimomchekea.

Nipe maji. Kidogo. Basi, yametosha.

Felicitas, kuna jambo hujalisema lakini nalisoma. Unaona kama usingepiga magoti, ungenikuta mapema na nisingekuwa hapa leo. Nilimuuliza daktari kule Mwananyamala, nilimuuliza nikiwa nimekushika mkono na wewe ukageukia dirishani. Alisema nyonga ilivunjika pale pale nilipoanguka, na haya ya mapafu yamekuja kwa umri na kwa kulala, hata ungefika umepanda pikipiki yangekuja. Basi ondoa hilo. Huendi porini kulipia kosa, kwa sababu kosa halipo, na Bwana hakukutuma ukalilipie kwa njaa za watoto.

Na mie sikuambii usingoje. Ngoja. Hata mie nangoja, na sasa nangoja kuliko nyie wote. Lakini niwaambie namna ninavyojua kungoja, ambayo ni ya fundi wa sare. Shule hufunguliwa Januari, haijapata kutokea ikafunguliwa mwezi mwingine kwa kushtukiza, na kila mwaka wapo wazazi wanaokuja mbio siku ya mwisho na kitambaa kwapani, mama Yustina nisaidie. Hao sikuwahi kuwacheka, nilikesha nao. Ila sikuwahi kumwona mzazi aliyekuwa tayari kwa kuacha kumlisha mtoto, akakaa barazani anatazama barabara ya shule. Aliyekuwa tayari alikuwa anapika, anafua, anapeleka mtoto kliniki, na sare imeshatundikwa. Na kila sare niliyoshona niliiacha pindo kubwa, wanajua wazazi wote wa hapa mpaka Bunju, pindo la vidole vinne, ili mtoto akirefuka ateremshiwe. Mkinikuta nashona huku nasali, njoo Bwana Yesu, mkono wangu ulikuwa unakunja pindo. Sikuona ugomvi kati ya hayo mawili. Akija leo atanikuta nakunja pindo la mtoto wa watu, na sidhani kama atakasirika.

Huyo anayekwambia uache dawa, uache shule, uuze friji, yeye friji yake ameuza? Nilimsikia mwenyewe akitangaza namba za simu za kumpigia wiki ijayo. Simhukumu, huenda naye ana hofu yake. Lakini Bwana mwenyewe alisema siku ile haijui mtu, sasa huyu ameijuaje mpaka kaikodia basi?

Haya. Nguvu zinaniishia, nasikia kama mtu anapunguza utambi. Sikilizeni ya mwisho. Kabatini kuna sare mpya ya Benjamin. Nilikuwa naimalizia siku niliyoanguka, ndiyo ile iliyobaki na sindano, na Bi Najat ameimalizia kwa mkono, kushona kwake si kuzuri, pindo limekwenda upande, liacheni hivyo hivyo. Jumatatu aivae. Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wa Gaspar, mwambieni mama Yustina kaomba, atampokea, yeye na dada yake. Lusungu ampeleke kwa mkono. Lusungu usafishe chini ya simtanki, usafishe leo, sitaki mtu mwingine ateleze kwenye msiba wangu. Siku ya msiba akina mama wa kanisa watanivisha, na Bi Najat akae karibu kama ataridhia. Mumpigie Daniel, mpige mpaka apatikane. Geti lisifungwe kwa komeo mchana.

Felicitas. Kuna viatu vya shule vya Benjamin ndani ya hilo begi, nilisikia unavipakia, kwa kuwa vina chuma kidogo kwenye kisigino. Huko porini vya nini? Vitoe. Sikulazimishi. Mie siwezi kuinuka nikakuziba njia, na nikifa kesho hutakuwa na wa kukuzuia, utafanya utakalo. Vitoe tu uviweke pale mlangoni, nivione.

Mungu wa baba yenu na awape masikio ya kumsikia aliyeanguka, na miguu ya kwenda kumtazama kabla hamjapiga magoti. Awape chakula cha kugawana kupitia kiupenyo cha uani. Akija awakute mna kazi mikononi na watoto wenu ubavuni, akicheka nanyi, si akiwatisha. Bi Najat, Mungu akulipe, mie sina.

Nani kazima taa? Hamna? Basi ni macho.

Nasikia zipu. Lusungu, anafungua au anafunga? Niambie kweli. Anafungua... haya. Hivyo ni viatu. Viko mlangoni, pembeni ya kandambili zangu, naviona, au nasikia tu, sijui. Vimekaa vizuri.

Felista, njoo. Mkono. Nikinyamaza usianze kuhesabu nani yupo, nani hayupo. Utanikuta hapa hapa, mwili wote, pamoja na mguu mbovu. Nitakuwa nimelala, nangoja kama wengine. Usitazame juu. Na siku yoyote ukimwita mtu asiitike... zunguka kwanza. Nyuma.

Marahaba, mwanangu. Nilikuitikia siku ile. Hukuachwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba.